Jirani wa Kitanda cha Pili Hana Adabu: Mwongozo Kamili wa Kuishi Naye Wodini

Kulazwa wodi ya pamoja ni kupewa majirani usiowachagua, tena wakati huna nguvu hata ya kugeuka ubavu. Mmoja wao akiwa mkorofi, wengi wetu hufanya yaleyale: tunajikaza kisabuni siku mbili tatu, kisha tunalipuka mbele ya wageni wake. Hapo ugomvi umeshakuwa wa koo mbili, na nesi anaitwa kuamua kesi badala ya kutoa dawa.

Nimefanya kazi wodini miaka ya kutosha kuyaona haya yakijirudia, na msimamo wangu ni huu: kero nyingi haziletwi na mgonjwa mwenyewe. Zinaletwa na simu yake na ndugu zake. Anayelijua hilo mapema hupoteza muda mfupi zaidi kubishana na mtu ambaye pengine ana homa ya nyuzi 39.

Mwongozo huu umelenga wodi za vitanda vingi za hospitali za umma na za mashirika ya dini hapa Tanzania, za wanaume, za wanawake na za wazazi. Hatua zifuate kwa mpangilio wake. Wanaoshindwa karibu wote wameruka ya pili au ya nne.

## Vitu vya kuwa navyo

Mwambie ndugu yako akuletee hivi siku ya kwanza, pamoja na shuka na kandambili:

- Vizibo vya masikio, vile laini vya sponji. Maduka mengi makubwa ya dawa yanavyo. Usitumie pamba ukaisukuma ndani. Haizuii sauti ya maana, na kuitoa inaweza kuwa kazi ya daktari.
- Mtandio au kanga nyepesi ya kufunika macho. Taa za wodi nyingi hazizimwi usiku kucha, na haziwezi kuzimwa, kwa sababu nesi lazima aone dripu zinavyokwenda.
- Hedifoni, hata za bei ndogo. Za kwako, na ukiweza jozi ya pili ya kumwazima jirani. Hiyo jozi ya pili imemaliza ugomvi mwingi kuliko mahubiri yoyote.
- Pawabenki iliyojaa. Soketi wodini ni chache, na vita vya chaja huanza mapema.
- Kufuli dogo la kabati la pembeni ya kitanda, kama lina pa kufungia. Kama halina, simu na fedha zilale chini ya mto, na nyingi zirudi nyumbani.
- Rangi ya kucha au kalamu ya wino mzito ya kuwekea alama themosi, beseni, sahani na ndoo. Vyombo vya wodini vinafanana mno.
- Barakoa chache. Sababu iko hatua ya pili.
- Daftari dogo na kalamu. Utaandika tarehe, saa na jambo lililotokea, basi.

## Hatua ya 1: Salimia kabla hujawa na shida

Siku unayoingia, ukipata nguvu, salimia kitanda cha kulia na cha kushoto. "Shikamoo mama, pole na kuumwa. Umeamkaje leo?" Taja jina lako, au la mtoto wako, mwachie jirani nafasi ya kusema anakotoka. Dakika mbili zinatosha.

Sababu ni ya vitendo kabisa. Neno lako la kwanza kwa mtu likiwa lalamiko, atakujibu kama mgeni anayemwonea. Likiwa la tatu au la nne, baada ya salamu na pole, atakujibu kama jirani.

Angalizo: kusalimia si kufungua faili lako. Wodini kuna watu wanaouliza "wewe unaumwa nini hasa?" kabla hujaketi vizuri, na ukiwajibu, kufikia jioni wodi nzima inajua. Jibu fupi linatosha: "Bado wananipima, mama. Tuombeane." Hakuna anayekudai zaidi ya hapo.

Utajua hatua hii imefanikiwa jirani akianza kukusalimia yeye kwanza, au ndugu zake wakikupa pole wanapopita.

## Hatua ya 2: Pima kama ni ukorofi au ni ugonjwa

Hapa ndipo watu huanguka. Kabla hujamhesabu mtu kuwa hana adabu, jiulize kama anajua anachofanya.

Mtu aliyekuwa mtulivu mchana, kisha usiku anapiga kelele, anavua nguo, anang'oa dripu, anaongea na watu wasiokuwepo au anadai yuko shambani kwake, huyo amechanganyikiwa kwa sababu ya mwili. Chanzo kinaweza kuwa malaria kali, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, sukari kushuka, kichwa kuumia, au dawa. Wazee hupata hali hii zaidi, hasa baada ya upasuaji, na usiku huzidi.

Mnywaji wa kila siku akilazwa, pombe inakatika ghafla. Siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani na kutaka kupigana. Majirani husema "huyu mlevi ana vituko." Si vituko hivyo, ni hali inayoweza kuua na ina matibabu yake. Nesi anatakiwa aijue dakika hiyohiyo.

Kuna pia kilio cha maumivu. Mgonjwa wa selimundu maumivu yakimpanda halii kwa kudeka. Dawa ya kelele zake ni dawa ya maumivu, na ombi lako lielekee huko: "Sista, mwenzetu wa kitanda cha 9 maumivu yamemzidi, naomba umwangalie." Umemsaidia yeye na umejisaidia wewe kwa sentensi moja.

Kikohozi nacho kina hesabu yake. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa kuchunguzwa kifua kikuu. Ukimsikia jirani akisema "hiki kikohozi kina mwezi sasa," mwambie nesi kwa faragha, vaa barakoa, na uombe madirisha yabaki wazi. Ugomvi wa dirisha ni wa kila usiku: mmoja anasikia baridi, mwingine anakosa hewa, wa tatu anaogopa mbu. Kitabibu jibu liko upande wa dirisha wazi. Mwenye baridi aongezewe shuka, mwenye hofu ya mbu ateremshe chandarua.

Onyo moja ambalo halisemwi sana: jirani msumbufu akinyamaza ghafla, usimshukuru Mungu ukalala. Mwangalie. Kama haitiki akiitwa, au anapumua kwa shida, ita nesi papo hapo.

Ukishajiridhisha kuwa mtu ana akili zake timamu, anajua saa, anacheka na wageni wake, na bado anafungulia simu saa sita usiku, huyo ni mkorofi. Endelea hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Chagua jambo moja

Jirani mkorofi ana makosa kumi. Usimpelekee yote. Chagua lile linalokuzuia kupona: usingizi, kidonda, hewa au dawa. Mengine yapite kwa sasa. Mtu akisomewa orodha anajitetea. Akiombwa kitu kimoja, anaweza kukitoa.

Ukikwama, chagua usingizi. Mgonjwa asiyelala huhisi maumivu zaidi, na mzee asiyelala huchanganyikiwa upesi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba sauti ndani ya vyumba vya wagonjwa usiku isizidi wastani wa desibeli 30, na kishindo cha ghafla kisipite 40. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Sasa pigia hesabu simu yenye mahubiri kwenye spika.

## Hatua ya 4: Tafuta mtu sahihi wa kumwambia

Wodini kwetu mgonjwa mara nyingi hayuko peke yake. Kuna mama mdogo, dada, kaka au mke anayeleta uji asubuhi, anayefua mashuka na anayejua dawa zimefikia wapi. Huyo ndiye wa kuongea naye kwanza.

Mgonjwa ana maumivu, ana hofu, na pengine ana aibu ya kuonekana dhaifu mbele ya wodi. Ukimwambia yeye, anatetea heshima yake. Ndugu yake ana nguvu zaidi na hofu ndogo zaidi, na anafikiria siku ambayo yeye hatakuwepo na mgonjwa wake atahitaji mtu wa kumwitia nesi. Mtu huyo ni wewe, na analijua hilo.

Mkute nje ya wodi: kwenye veranda, bombani, au akisubiri geti lifunguliwe. Kama huwezi kutembea, mtume ndugu yako. Wodi za wanawake hili huenda vizuri sana, maana wauguzaji hukutana kwenye kufua, na mazungumzo ya kwenye kamba ya nguo hayana uzito wa kesi.

Wodi za mifupa ni tofauti kidogo. Kijana aliyepata ajali ya bodaboda, mguu ukiwa umevutwa kwa uzito unaoning'inia kwenye kamba ili mfupa ukae sawa, anaweza kulala chali wiki sita na zaidi. Ndugu huanza kuja kila siku, baadaye mara mbili kwa wiki, mwisho anabaki na simu yake. Hapo hakuna wa kumwambia ila yeye mwenyewe. Na ukweli ni kwamba kelele zake nyingi ni upweke. Mletee gazeti, cheza naye drafti kwa vizibo vya soda, mwache akusimulie ile ajali. Anayepata mtu wa kuongea naye mchana hulala mapema zaidi.

## Hatua ya 5: Sema kidogo, mapema, kwa sauti ya chini

Kama ndugu yake hayupo au hakusaidia, sema na jirani mwenyewe. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya chai, wakati raundi ya madaktari imeshapita. Wakati mbaya ni usiku tukio likiendelea, wakati wageni wake wapo, au dakika chache baada ya yeye kupewa habari mbaya na daktari.

Anza na ugonjwa wako, usianze na tabia yake. Sema unachoomba, taja saa, kisha nyamaza.

Kwa mtu aliyekuzidi umri:

"Shikamoo baba. Pole na usiku. Baba, nina ombi dogo. Hiki kichwa changu usiku kinanigonga, hata sauti ndogo inaniamsha. Naomba ikifika saa nne redio ya kwenye simu tuipumzishe, asubuhi tuendelee."

Ona lile "tuipumzishe". Hujamwamuru mzee azime chake. Umemweka upande mmoja na wewe.

Kwa rika lako:

"Ndugu yangu, mambo? Unaendeleaje na mguu? Sikia, jana sikulala kabisa. Ukiangalia mpira usiku, tumia hizi hedifoni zangu. Zina kelele upande mmoja lakini zinafanya kazi."

Kwa mdogo wako, hata kama amekukera hadi shingoni, usianze na "wewe kijana huna adabu." Mwite mwanangu au mdogo wangu. Kijana wa miaka 19 aliyelazwa na watu wazima watupu anasubiri tu mtu wa kumgombeza ili aoneshe kuwa haogopi.

Kwa mwenye kuazima bila kurudisha, mambo ni mafupi: "Dada, lile beseni nalihitaji saa kumi na mbili asubuhi kuogea. Naomba likitumika lirudi chini ya kitanda changu." Kisha onesha alama ya rangi ya kucha. Alama hiyo inaongea kuliko wewe.

Choo ndicho kigumu kusema, kwa hiyo watu hukaa kimya wakachukiana. Usimwambie mtu "umeacha choo kichafu." Hujui kama ni yeye, na aliyeharisha usiku tayari ana aibu ya kumtosha. Mwambie mhudumu wa usafi au nesi kuwa choo kinahitaji kusafishwa na maji yameisha kwenye ndoo. Ukijua kwa hakika kuwa jirani anakojolea kopo na kulisukuma chini ya kitanda chako, huenda hawezi kufika chooni. Ombi lako kwa nesi liwe chombo cha kukojolea kitandani, na ratiba ya kukimwaga.

Wodi ikifurika, mnaweza kuwekwa wawili kitanda kimoja, mkalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni kwa mwenzake. Hapo kubalianeni mapema mambo matatu: nani alale upande wa ukuta, dripu ya nani ining'inie upande gani, na mmoja akiamka usiku amguse mwenzake mguu kwanza. Mwenye kidonda au mrija wa mkojo apewe upande wa nje. Kama mwenzako ana kidonda kinachotoa usaha au anaharisha, usikubali kwa haya. Mwambie nesi akutafutie mwingine wa kulala naye, kwa sababu hilo ni suala la maambukizi na yeye analielewa.

Utajua umefanikiwa kama usiku ule ule sauti inapungua, hata kwa nusu. Usidai ukamilifu. Aliyezoea kusikiliza nyimbo hadi saa saba, akizima saa tano, mshukuru asubuhi: "Jana nimelala, Mungu akubariki." Shukrani hiyo ndiyo itakayomfanya azime saa nne.

## Hatua ya 6: Wageni wake

Hospitali nyingi zina nyakati tatu za kutazama wagonjwa: asubuhi mapema, mchana na jioni. Ziko kwenye bango getini au mlangoni mwa wodi. Zisome, kwa sababu ndizo silaha yako ya kistaarabu kuliko zote. Huhitaji kubishana na mtu. Saa inabishana kwa niaba yako.

Kero za wageni huwa tatu.

Kukalia kitanda chako. Watu wanane wamekuja kumwona mmoja, kiti ni kimoja, na wawili wameshaketi miguuni kwako. Wakati wa kusema ni pale wanapotaka kuketi. Wakishaketi, unawaaibisha. Tandaza shuka hadi ukingoni na uweke themosi pale pa kukalia. Kama umevutwa mguu kwa uzito, sema wazi bila kona: "Samahani mjomba, kitanda hiki kikitikisika mfupa wangu unasogea." Na usiruhusu mtu aning'inize mfuko wa machungwa kwenye kamba ya ule uzito. Linatokea, na lina madhara, kwani uzito ulipimwa.

Maombi na kisomo cha sauti. Jambo la imani usilishambulie kwa mbele. Utashindwa na utaitwa mpinga dini. Jiunge nalo. "Mchungaji, asante kwa kuja. Niombeeni na mimi, ila naomba kwa sauti ya chini, huyu mama hapa katoka kufanyiwa upasuaji leo." Kwa ustadhi ni hivyohivyo. Viongozi wa dini wenye kawaida ya kutembelea wagonjwa hukubali mara moja. Wagumu ni majirani wa mtaani waliokuja na bidii kuliko utaratibu.

Chakula. Wewe unatapika kwa sababu ya dawa, mwenzako kaletewa samaki wa kukaanga. Huwezi kumzuia mtu kula. Omba ale akiwa upande wa dirishani, au wewe toka nje kama unaweza. Kuna pia ukarimu unaoumiza: mgeni anagawa chapati wodi nzima na wewe unasubiri upasuaji. Kawaida hutakiwi kula chakula kigumu kwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, na nesi atakupa muda wako kamili. Kipande kimoja cha kumridhisha mtu kinaweza kuahirisha upasuaji, au kukupalia ukiwa usingizini. Sema "nimefungiwa kula," watu wanalijua neno hilo na hawakasiriki.

## Hatua ya 7: Mpelekee nesi ombi, usimpelekee kesi

Umeomba kwa adabu, umemwambia ndugu yake, siku imepita na hali ni ileile. Sasa ni zamu ya nesi.

Usimfuate wakati wa kugawa dawa wala wakati zamu zinakabidhiana. Atakuitikia tu ili upite. Subiri atulie mezani. Kama huwezi kutoka kitandani, mwambie anapokuja kukupima presha.

Mpe mambo manne kwa pumzi moja: nani, nini, saa ngapi, na kinakufanyaje. "Sista, kitanda namba 7 anafungulia simu kuanzia saa tano hadi saa nane, jana na juzi. Nimemwomba, nimemwomba na dada yake. Silali, na presha yangu asubuhi imepanda." Kisha omba kitendo, si hukumu. "Nisaidie umkumbushe saa za kulala" au "kikipatikana kitanda upande ule naomba nihamie." Ukisema "huyu mtu mnamwachia tu," umemgeuza nesi kuwa mshtakiwa wa pili.

Kisha ongeza hili: "Naomba uiandike kwenye ripoti." Zamu hukabidhiana kwa maandishi. Jambo lisiloandikwa hufa saa ya kukabidhiana, na nesi wa usiku, ambaye ndiye unamhitaji, hatajua chochote.

Kumbuka anachokabili. Nesi mmoja wa usiku anaweza kuwa na wodi nzima mikononi mwake. Akichelewa kuja kwako si dharau.

Angalizo: usirekodi video ya jirani kama ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na picha ya mtu akiwa kitandani na mrija puani ni taarifa ya afya. Ukiitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mwenye kosa ni wewe. Daftari lenye tarehe na saa linatosha.

Mafanikio ya hatua hii ni nesi kwenda kitanda namba 7 na kusema jambo kama tangazo la wodi nzima, bila kukutaja.

## Hatua ya 8: Panda ngazi bila kuruka

Ikishindikana, mfuate msimamizi wa wodi, yule watu wanayemwita inchaji. Kwa kawaida yupo zamu ya asubuhi siku za kazi. Yeye ndiye anayepanga vitanda. Mwoneshe daftari.

Daktari mwambie kwenye raundi, lakini kwa upande wa tiba tu: "Silali usiku kwa kelele." Anaweza kuangalia dawa zako na anaweza kuzungumza na inchaji. Usimwombe dawa ya usingizi kama njia ya mkato. Kwa mwenye matatizo ya kupumua au mzee inaweza kuleta shida kubwa kuliko kelele.

Juu ya hapo kuna ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo inafaa sana pale jirani anaposumbua kwa kuwa ametelekezwa, hana ndugu wala chakula. Kuna dawati la malalamiko au sanduku la maoni. Kwa jambo la leo usiku sanduku halikusaidii. Litumie kwa jambo la kudumu, kama wageni kuingia nje ya saa.

Wodi ya kulipia ni njia pia. Kabla hujasema ndiyo, uliza gharama ya kitanda kwa siku, kama vipimo na dawa navyo vinapanda bei, na kama bima yako inagusa daraja hilo. Watu wamehama saa tatu usiku kwa hasira, wakakwama siku ya kuruhusiwa.

## Yasiyosubiri hatua yoyote

Haya ita nesi au mlinzi papo hapo, mchana au usiku:

- Mtu anawasha sigara au kiberiti wodini. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya nguo na godoro viwake kwa kasi ya kutisha.
- Mtu anagusa dripu yako, hata kwa nia njema ya "kuiongeza spidi ili iishe."
- Mtu anakugusa mwili bila ridhaa, anakutisha, au anakupiga.
- Mtu anakupa dawa, za hospitali au za miti shamba. Mwambie nesi kabla hujazimeza.
- Wizi. Toa taarifa mara moja, usipekue wewe mwenyewe kabati la mtu.

## Kama wewe ndiye unayemwuguza

Usigombane kwa niaba ya mgonjwa wako halafu ukaondoka geti likifungwa. Wewe unalala nyumbani. Yeye anabaki kitanda cha pili na uliyemtukana. Ukitoka, acha mambo yakiwa mepesi kuliko ulivyoyakuta.

Jichunguze na wewe. Unapiga simu ya video ili shangazi wa Tanga amwone mgonjwa, na kamera inapita juu ya vitanda vitano. Umekuja na watoto, wanakimbizana kati ya mirija. Mgonjwa wako anapenda kulala na kaswida au nyimbo za injili, na wewe umemwekea sauti "ya wastani." Ukisikia wodi imenyamaza ghafla ulipoanza kuongea, usidhani wanavutiwa na habari zako.

## Nimefanya yote, jirani ameacha siku mbili kisha karudi palepale

Rudia hatua ya tano mara moja, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza ukali. Ikishindikana, usirudie mara ya tatu. Nenda moja kwa moja kwa inchaji na uombe kuhamishwa wewe, si yeye. Kuhamisha anayeomba ni rahisi kuliko kuhamisha anayekataa, na kitanda huwa kinapatikana asubuhi, baada ya raundi, watu wanaporuhusiwa. Fungasha vyombo vyako usiku, hesabu themosi, beseni na chaja, ili kitanda kikitajwa uwe tayari kabla hajaletwa mgonjwa mwingine kutoka mapokezi.